Ramli ya Mashine ya Kona

Haya, simu chini, kioo kikitazama meza. Anayesubiri kupigiwa na HR aendelee kusubiri, leo hawapigi. Hadithi hii naileta bila mwisho. Mwisho mtautoa nyinyi, na mkinipa wa kipuuzi nitawasema mbele ya wakwe zenu.

Kuna kiti kimoja. Kiti cha ofisi, kile cha kuzunguka. Kazi halisi, yenye mkataba, likizo na bima mpaka ya meno. Na kuna watu wanne ambao kila mmoja amekitolea jasho sawa na mwenzake. Kazi yenu ni kuniambia nani akikalie. Ni hayo tu. Ila msikimbilie kujibu, kwa sababu njiani tutapita kaburini.

Tuanze na watatu. Wa nne atakuja mwenyewe, kwa njia ambayo hamtaipenda.

Wa kwanza ni Mmbone, na Mmbone ana macho. Sisemi macho ya kurembua. Kompyuta ikifa na kutapika yale maandishi ambayo mimi na wewe tunayafunga haraka kama mlango wa choo chenye mtu, Mmbone huyasoma. Yote, polepole, midomo ikicheza. Alipata first class ya computer science, akapewa mkono na mkuu wa chuo, na tangu siku hiyo hakuna bosi mwingine aliyempa mkono.

Wa pili ni Lisutsa, na Lisutsa ana mikono. Mpe laptop iliyovunjika shingo, isiyo na herufi E wala spacebar, na bado atakuandikia programu itembee. Ni engineer wa cheti. Kazi yake ni kubandika screen protector pale stendi. Ofisi moja ilimwambia yeye ni overqualified. Akavuka barabara, ya pili ikamwambia hana experience.

Wa tatu ni Ambani, na Ambani ana mdomo. Degree yake ni sociology. Chekeni mmalize, nangoja. Ambani anajua kuuliza. Kuna swali ambalo mtu mwingine akikuuliza unafunga mlango, lakini akikuuliza Ambani unajikuta umemweleza mambo ambayo hata aliyekuoa hajui.

Macho, mikono, mdomo. Hao watatu walishinda kwenye cyber ya Senje Kadenyi pale Chavakali, na si kwamba walikuwa na kazi pale. Senje hakuwa na roho ya kuwafukuza, basi. Senje, kwa nyinyi wa mbali, ni shangazi. Soko zima lilimwita hivyo kwa heshima, lakini kwa msichana mmoja aitwaye Kageha alikuwa shangazi wa damu.

Kageha alisoma na watatu wale, gauni la graduation wakavaa siku moja. Yeye akapata kazi ya nje. Customer service, accommodation provided, pasipoti utaikabidhi ukifika, for processing. Alituma CV kutoka mashine ya kona mle cyber, tiketi akaichapisha hapo hapo, gari likapiga honi, akatoka mbio. Account yake akaiacha wazi kwenye browser. Mnaguna nini? Nani kati yenu amewahi kulogout cyber? Mnatoka mmeshika printout, moyo mweupe, mnadhani mmemaliza.

Akaenda. Akaandika kidogo, kisha akanyamaza. Baadaye mtu akapiga simu, namba imefichwa, akasema msichana wenu amekufa kwa ajali na mwili hauwezi kusafirishwa. Akakata.

Sasa, kule kwao mtu haachwi hewani. Akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukalazwa kama mtu, ukazikwa, ili aliyekufa apate pa kulala na walio hai waache kutazama mlango. Walikata mgomba. Senje mwenyewe akauvika gauni la graduation la Kageha, jeusi, maana ndilo vazi zuri alilokuwa ameacha. Mtanisamehe, lakini hiyo ndiyo kazi ya kwanza gauni lile lilipata. Tangazo la kifo na picha za mazishi zikawekwa kwenye ukurasa wa kanisa ili ndugu wa mbali nao waone.

Ndipo mashine ya kona ikaanza.

Stima ya pale ina tabia yake. Mvua ya alasiri ikigonga mabati, inapotea. Mvua ikitulia, inarudi. Ikirudi, mashine zote za Senje huwaka na kungoja mtu. Ile ya kona haikungoja. Browser ilifunguka yenyewe, na ukurasa ukashuka wenyewe kutoka juu: kwanza msalaba, kisha uso wa Kageha akicheka, kisha jeneza. Likifika jeneza, mashine inaganda. Bonyeza hiki, bonyeza kile, haisogei. Inabaki na jeneza lake, feni ikivuma ndani kama mtu anayepumua na mafua.

Siku ya kwanza Senje alidhani ni mteja. Kesho yake: mvua, giza, stima, msalaba, Kageha akicheka, jeneza. Na siku iliyofuata. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiingiza marks alitoka akaacha miwani, na hajaifuata mpaka leo. Watu wakaanza kuchapisha kwa jirani. Waliobaki walikaa wakiipa kona mgongo, na hakuna aliyesema kwa nini.

"Nimeita fundi," Senje akawaambia wale watatu. "Aifute mashine yote, iwe kama imetoka dukani. Mtoto wangu nimeshamzika. Sitamzika kila jioni."

Hapa sasa fungueni masikio, kwa sababu hapa ndipo haki inapogawanywa.

Mmbone alikuwa wa kwanza. Fundi alikuwa ameshachomeka flash yake, kidole kiko juu ya kitufe. Mmbone akamshika mkono.

"Ngoja, boss."

"Ningoje nini? Hii ni virus, madam."

"Virus haiombolezi." Mmbone alikuwa amefungua history ya ile account na alikuwa akiisoma, midomo ikicheza. "Tazama saa. Ukurasa huu unafunguliwa wakati hapa hakuna stima. Mashine imezima kabisa, na bado unafunguliwa. Stima ikirudi, browser inaendelea tu pale account ilipoachia. Jambo hili halianzi hapa. Linaanza mahali pengine."

Fundi akacheka. "Pengine wapi? Mwenye account si amezikwa?"

"Ndivyo ninavyosema," Mmbone akajibu bila kugeuka. "Amezikwa, na kila siku anafungua mazishi yake kuyatazama."

Fundi alichomoa flash akaondoka, hata nauli hakudai. Bila macho ya Mmbone, mashine ingefutwa mchana ule, account ingetoka, na mlango pekee uliokuwa wazi duniani ungefungwa na watu wanaompenda Kageha. Hilo ni la Mmbone.

Lisutsa alikuwa wa pili. Mlango umeonekana, sawa, lakini haukuwa na kitasa upande wetu. Uandike email? Ni nani anayesoma juu ya bega lake? Sasa, Lisutsa alikuwa ameanza kumtengenezea Senje kidude cha kukaa pembeni mwa browser. Ikigoma, kidude kinaamka na kuipima: mtandao upo? Kumbukumbu imejaa? Saa ya mashine iko sawa? Ukurasa uliokwama ni upi? Kisha kinakwambia ugonjwa. Ambani ndiye aliyekipa jina, Ramli. "Kinakuuliza maswali mengi," alisema, "halafu kinakuambia kitu ulichokuwa unakijua. Tofauti na mganga ni kwamba hakitaki kuku."

Nyongeza kama hiyo ukiifunga kwenye account ya mtu, inamfuata popote anapofungua account hiyo. Nairobi, ughaibuni, kaburini, popote. Lisutsa akaketi kwenye mashine ya kona, kiti ambacho hakuna mwingine aliyekitaka, akaandika. Aliifanya Ramli iamke kila ukurasa wa mazishi unapofunguliwa, mahali popote, na dirisha lake liwe la kijivu, baya, lenye alama ya mshangao.

"Mbona umeifanya mbaya hivi?" Ambani akamuuliza.

"Bro, nani husoma error message?"

"Mmbone."

"Na Mmbone si msimamizi wa huko alikoshikwa Kageha."

Chini ya dirisha akaweka kisanduku cha kuandikia. Herufi ikiandikwa upande mmoja, inaonekana upande wa pili. Na nyuma ya herufi hizo Ramli ilibeba kifurushi cha kawaida cha chombo chochote cha kutafuta hitilafu: majira ya saa ya mashine ile, lugha yake, na njia ya mtandao iliyopitia. Bila mikono ya Lisutsa, wangebaki wakitazama jeneza kila alasiri kama telenovela. Hilo ni la Lisutsa.

Ambani alikuwa wa tatu. Juu ya kisanduku Lisutsa alikuwa ameandika Describe your problem. Ambani akafuta.

"Hilo ni swali la printer," akasema. "Huyu amejiona akizikwa. Na je, kama si yeye? Kama ni wale waliomchukua, wanachekelea picha zetu?"

Alifikiri mpaka Senje akamwambia kufikiri nako kunamaliza stima. Kisha akaandika mstari ambao ukiuona utadhani ni kompyuta imechanganyikiwa: Hitilafu imepatikana. Gauni lilichanikia wapi?

Mvua ikaja. Giza. Mvua ikatulia. Stima. Msalaba. Kageha akicheka. Jeneza. Dirisha la kijivu likafunguka juu ya jeneza, na ndani ya kisanduku ule mstari mwembamba ukawa unapepesa, unapepesa. Senje alisimama nyuma yao, leso mdomoni. Hakuna aliyegusa keyboard.

Herufi zikaanza kuja. Moja. Nyingine. Kama za mtu anayeandika kwa kidole kimoja huku akitazama kwingine.

*kwa sengenge tukimkimbia mpiga picha*

Siku ya graduation, wanne wale walimtoroka mpiga picha wa chuo kwa kupenya sengenge ya uani, na gauni la Kageha likanaswa na mwiba wake. Hawakumwambia mtu. Senje, aliyelishona upya kabla ya kuuvika mgomba, alikuwa akijiuliza tu lilichanwa na nini. Sasa alijua.

Mstari ukapepesa tena.

*kwa nini mmenizika*

Mimi ningeandika pole. Wewe ungeandika tunakuja. Ambani aliandika: Kifaa chako kiko ghorofa gani? Chagua jibu. Kwa maswali ya namna hiyo, ya kipumbavu, ya kifundi, ambayo yeyote apitaye angeyadharau, alasiri baada ya alasiri alimtoa Kageha neno kwa neno: madirisha yaliyopakwa rangi, treni inayopita chini ya ukuta, harufu ya samaki wa kiwandani, watu wengi kwenye meza ndefu wakilazimishwa kuwaibia wengine kwa keyboard. Akachukua maneno hayo pamoja na kifurushi cha Ramli, akaanza kuzunguka ofisini. Ofisi moja ilimwambia marehemu hawezi kuripotiwa kupotea. Akamuuliza yule afisa kama yeye angependa kuzikwa bila kufa. Nyingine ikamwambia arudi Jumatatu, akauliza kama treni ile nayo husimama mpaka Jumatatu. Aliuliza mpaka mama mmoja wa shirika la kuokoa watu akaweka kikombe chini na kusema, "Rudia." Bila mdomo wa Ambani, wangekuwa wamempata Kageha na kumwacha huko huko. Hilo ni la Ambani.

Jengo lilivamiwa na polisi. Kageha akarudi.

Akarudi vipi? Aliposhuka pale sokoni watu walimpisha kama maji ya moto. Muuza nyanya aliyemlea mgongoni alimpa mkono kisha akaupangusa kwenye aproni, akidhani haonekani. Wazee walibishana, mtu aliyekwisha kuzikwa aingie nyumbani kwa mlango gani. Usiwalaumu. Wewe ungefanyaje ukikutana na mtu ambaye kaburi lake umelipalilia?

Na ndipo kiti kikaja. Kampuni moja ya nje inayotengeneza browser ilisikia habari ya Ramli, ikaandika: tumeguswa, we are pleased to offer one position, chagueni jina wenyewe, mtuambie leo kabla hatujafunga ofisi. Lazima mtu huyo ahamie huku kwetu. Watu wanne, miaka yote hiyo ya kutarmac, kutafuta kazi kwa miguu, wakapewa kiti kimoja kama mfupa unaotupiwa mbwa ili waliotupa wapate kutazama.

"Ile iliyonichukua mimi ilianza hivyo hivyo," Kageha akasema. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Siku hizi hukaa karibu na mlango. "We are pleased."

"Hii nimeihakiki," Ambani akamwambia. "Nimewauliza mpaka wamenichoka. Ni ya kweli, dada."

"Basi semeni," Senje akasema, akimimina chai. "Na msinigombanie humu ndani, wateja ndio kwanza wamerudi."

"Mimi nisingeona," Mmbone akaanza, "fundi angefuta kila kitu. Hakungekuwa na Ramli wala hadithi."

"Umeona, hongera," Lisutsa akasema. "Hata paka wa Senje aliona. Wanataka mtu aliyetengeneza chombo. Chombo ni changu."

"Chombo chako kilikuwa kinauliza Describe your problem," Ambani akamkata. "Bila mimi mngemuuliza marehemu kama amejaribu kuzima na kuwasha."

Walicheka, halafu wakaacha kucheka kwa pamoja, maana kila mmoja alikuwa akimaanisha.

"Na bila mimi?"

Ni Kageha. Wote wakamgeukia.

"Mnadhani nilikuwa nafungua ule ukurasa kuomboleza?" Sauti yake haikupanda. "Nilijua sikulogout hapa, na ninachofungua kule kinafunguka hapa. Simu walichukua, email walisoma. Kitu pekee walichoniruhusu kufungua ni mazishi yangu, kwa sababu walipenda kunitazama nikiyatazama. Basi nikafungua. Kila siku nilijitazama nikishushwa, ili mashine ya Senje igande, ili mtu akasirike. Niliwajua nyinyi. Mtu akipotea mtalia, mtazika, mtapika chai. Lakini cyber ikigoma, mtatafuta sababu."

Senje aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

Mvua ikagonga mabati. Stima ikapotea. Walikaa vile vile, gizani japo ni mchana, wakisikilizana wakipumua. Mvua ikatulia. Stima ikarudi.

Msalaba.

Kageha alikuwa pale karibu na mlango, mikono yote miwili kwenye kikombe. Kila mtu alimtazama mikono.

Kageha akicheka. Jeneza. Dirisha la kijivu.

"Mwanangu," Senje akanong'ona, "kule ulilogout?"

"Nilitolewa mbio," Kageha akasema.

Ule mstari mwembamba ulikuwa unapepesa. Herufi zikaanza kuja, moja moja.

*nasikia hapa waliozikwa hujibiwa*

Kisha:

*walituhamisha kabla ya polisi. mimi pia nyumbani wamenizika. niulizeni haraka*

Sasa mnaona nilipowaleta. Mmbone akiondoka, Ramli imepofuka: nani atasoma ishara za huyu mpya na kujua amehamishiwa wapi? Lisutsa akiondoka, Ramli haina mikono, na laptop ile isiyo na E hakuna mwingine anayeiweza. Ambani akiondoka, Ramli ni bubu, na huyu hana gauni lililochanika ambalo tunalijua. Swali lake lazima lizaliwe upya. Kageha akiondoka, hakuna aliye hai hapa anayejua meza ile ndefu ina milango mingapi. Alasiri nzima kila mmoja amethibitisha kwamba bila yeye hakuna kitu. Nami nawaamini wote, na ndiyo maana nimekasirika.

Msiniambie wagawane, kiti hakikatwi. Msiniambie pia wakikatae, kana kwamba nyinyi mmewahi kukataa hata internship ya kubeba chai. Kule ng'ambo saa inaenda, watafunga ofisi, na kiti kitakaliwa na mtoto wa mtu mkubwa. Hapa mstari unapepesa ndani ya kisanduku, na mawingu yanarudi.

Kwenye kioo kimoja kuna madirisha mawili. La kwanza linataka jina, la pili linataka swali. Je, wewe uliyeshika keyboard, ungeandika jina la nani? Na vidole vyako vingeanza kwenye dirisha lipi?